Isale la Baharini

Nkoaranga,
Jumatano, baada ya chai ya jioni.

Dada yangu Anyesi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute ukiwa na nguvu, wewe na shemeji Reginald na wanangu wote wa huko Mwanza, na ule mgongo wako uwe umeacha kukusumbua tangu mbadilishe godoro. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama ni mzima. Magoti yanamgombeza akipanda njia ya kutoka kanisani, lakini akishafika nyumbani anayasahau na kuanza kutugombeza sisi. Mvua imekuja vizuri, migomba imesimama, kahawa imechanua mpaka unaisikia harufu yake ukiwa barabarani. Binti yangu Brightness amempita mama yake urefu na sasa anajibu kwa mkato kama wewe ulivyokuwa umri huo. Anakusalimia, ingawa hajui kama nakuandikia.

Utashangaa kupata barua wakati simu yako ipo na yangu ipo. Anayekuletea ni Nancy, binti wa majirani zetu wa hapo chini, anakuja kuanza chuo huko kwenu. Nilipomsikia akiaga nikaona hii ndiyo nafasi. Kwenye simu ungenikatisha. Wewe ukisikia jambo nusu umeshatoa hukumu, ndivyo ulivyo tangu ulipokuwa ukituongoza mtoni na kutuzaba makofi njiani. Karatasi haikatishwi. Nakuomba usome mpaka mwisho ndipo ushike simu yako.

Habari yenyewe inamhusu wifi yako Jackline, na mwani, na mtu mmoja anaitwa Mohsin.

Unajua kwamba Jackline yuko Tanga kwenye ule mradi wa kuchunguza mwani mgeni. Mwanzoni niliposikia mwani nilidhani ni ule unaolimwa na akina mama wa pwani na kuanikwa kwenye mikeka. Akaniambia hapana, ule ni wa heri. Huu wake haukualikwa na mtu. Umekuja umejibandika kwenye matumbo ya meli kutoka bahari za mbali, na mwingine umemwagwa na maji ambayo meli hubeba tumboni ili zisiyumbe. Wewe wa Mwanza huhitaji kuelezwa sana, mmeishi na magugu maji miaka yote hiyo na mmeona mitumbwi ikikwama humo. Wa baharini una tabia hiyo hiyo. Jani lake ni refu kama mkanda, kijani kinachoelekea kahawia, na likishapata pa kushika halina habari ya kuondoka. Linatanda juu ya matumbawe mpaka yanakosa jua na kufa. Nyasi za asili za chini ya maji, zile zinazoliwa na kasa, zinasongwa. Samaki wadogo waliokuwa wakijificha humo wanahama, na mvuvi akivuta nyavu anapata majani matupu, mazito, na nyavu zimechanika. Ukifika wakati wa kuoza ndiyo balaa lenyewe: maji yanakosa hewa, samaki waliobaki wanaelea, na harufu inaingia mpaka kwenye nguo. Harufu hiyo nimeisikia mwenyewe kwenye mabegi ya mke wangu, na kwa mara ya kwanza maishani nikaionea wivu harufu.

Ndiyo, dada, wivu. Nautaja kwa jina lake ili usije ukasema nimezunguka. Mwanamke akirudi nyumbani kila likizo, hata hajavua viatu, anaanza: mwani hivi, mwani vile, mpaka Mama siku moja akauliza kama huyo Mwani ni jamaa wa kwao Nduruma. Anapousimulia macho yanamng'aa. Nilikuwa nikimtazama akila huku anaongea, nikijaribu kukumbuka ni lini aliongea nami hivyo kuhusu kitu chochote kilicho ndani ya nyumba hii. Sikukumbuka.

Sasa kazi yake ni hii. Meli hunyonya maji ya bahari ili kupoza injini. Mwani ukijaa kwenye wavu wa tundu la kunyonyea, injini inachemka na meli inazimika katikati ya njia. Hilo nililielewa upesi, maana ndiyo kazi yangu pale dukani Levolosi, mjini, watu wananiletea pampu zilizonyonya takataka za mfereji na kuungua. Mwani ukijizungusha kwenye rafadha, yale mapanga yanayoisukuma meli, haiendi popote. Hata ukijibandika ubavuni tu, meli inakuwa nzito, inakula mafuta, inachelewa, halafu inaubeba mwani kuupeleka bandari nyingine ukaanze maisha mapya. Jackline anazama chini ya hizo meli zikiwa zimefunga gatini, anaukata, anauleta juu, wanaupima kujua umetoka wapi na unaelekea wapi. Binti wa Nduruma, dada, aliyekulia mahali ambapo maji yakifika magotini watu wanapiga yowe la mafuriko.

Na anayezama hazami peke yake. Anafungwa kamba kiunoni, na kamba hiyo huko juu inashikwa na mtu. Chini ya maji huwezi kuita, kwa hiyo wanaongea kwa kamba. Ukiivuta hivi maana yake niko salama, ukiivuta vile maana yake nipandishe. Anayeshika kamba ya mke wangu ni huyo Mohsin. Wala si mtu wa pwani, ni mtoto wa hapa hapa mjini. Baba yake ameuza vipuri Levolosi tangu sisi hatujazaliwa. Amesoma shule ya msingi na Wameru na Wachaga, Kiswahili chake ni hiki chetu, na Kimeru cha kutukania anakijua chote. Jackline alipoanza kusema "mtu wangu wa kamba" nilicheka pamoja naye. Lakini lile neno "wangu" lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Nisingesema kitu. Kilichoanzisha moto ni simu. Kulikuwa na siku, mwezi juzi, nilimpigia Jackline asubuhi hakupokea, mchana hakupokea. Jioni ikapokelewa na mwanaume. Akasema, "Kaka, Jackline amepumzika, atakupigia mwenyewe." Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu aliye chumbani na mgonjwa au na mpenzi, na mimi, kwa jinsi nilivyo, nilichagua la pili. Nikamuuliza yeye ni nani. Akasema Mohsin. Nikamuuliza simu ya mke wangu inafanya nini mkononi mwake. Akasema tena amepumzika, akakata. Kesho yake Jackline alinipigia, sauti imekauka, akasema alikuwa na homa. Nikajikaza kisabuni, nikamwambia pole. Tangu saa ile sikulala usingizi wa mtu mzima.

Aliporudi likizo alikuwa amekonda na ana kikohozi. Habari za mwani zikaisha ghafla. Mtu aliyekuwa hanyamazi sasa anakaa jikoni anamenya ndizi na kutazama maganda. Nikimgusa bega anashtuka. Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Usinijibu, najua ungesema ningemuuliza. Sikumuuliza. Mtu mwenye wivu haulizi, anakusanya.

Wiki ile ile nikiwa dukani nimeinama kwenye pampu, naona kivuli mlangoni. Mwanaume mwembamba, ndevu zimechongwa vizuri, mikono ina sugu. Akanisalimia kwa Kimeru, akasema yeye ni Mohsin, amekuja kuwaona wazazi wake, akaona apite. Akawa anashika bomba hili, analiweka, anashika lile, anasema "Kaka, mimi nilitaka..." halafu anarudia kushika bomba. Nilimwona kama mtu aliyekuja kunipima kimo, ajue aliyemzidi kete anafananaje. Nikamwambia kama hanunui asinishikie vitu. Nikaingia stoo nikabaki humo nikihesabu mipira ya pampu isiyohitaji kuhesabiwa, mpaka nikasikia ameondoka. Mjini vijana humwita mzamiaji mtu anayeingia kwenye sherehe bila kadi. Nilikaa stoo nikicheka peke yangu kwa uchungu, kwamba mke wangu ndiye mzamiaji wa kazini lakini mzamiaji wa ndoa yangu ni huyu hapa mlangoni.

Ndipo likatokea jani.

Nilikuwa natafuta chaja. Begi lake la kazini lilikuwa wazi, na katikati ya khanga iliyokunjwa vizuri, kama inavyokunjwa nguo ya mtoto mchanga, kulikuwa na jani refu limekauka, limepigwa fundo katikati. Wewe ni Mmeru, dada, nilipokwambia fundo umeshanielewa. Mtu akikukosea kosa la kuvunja undugu hatumi maneno, anakuletea jani la isale limefungwa fundo, na ukishalipokea huna ruhusa ya kumkatalia msamaha. Nililishika nikaligeuzageuza. Kuna mtu kamletea mke wangu isale. Mke wangu kalipokea, kalikunja kwenye khanga, kalificha. Sasa nikajiuliza, ni kosa gani mwanaume anaweza kumkosea mke wa mtu mpaka amtumie isale kwa siri? Nilikuwa na jibu moja tu, na jibu hilo lilikuwa na ndevu zilizochongwa vizuri.

Na kama Mungu alitaka nimalizike kabisa, jioni ile nikamsikia Jackline nyuma ya banda la ng'ombe akiongea na simu. Alikuwa anasema, "Mohsin, nilishakusamehe, usilitaje tena. Hapana, hapa nyumbani hajui mtu." Nilirudi ndani nikakaa mbele ya runinga iliyozimwa.

Sikupigana. Sikumtukana. Nilifanya vibaya zaidi, nikaita kikao. Nikamwambia baba mdogo Abdiel kwamba Jumapili baada ya ibada nina neno zito la nyumba yangu, na nikampigia shemeji Lemayian aje kutoka Nduruma kwa ajili ya dada yake. Unajua maana ya kumwita kaka wa mwanamke. Nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba Lemayian akiondoka ataondoka naye. Nilishawaza hata Brightness nitamweleza nini. Jackline alipomwona kaka yake anaingia uani alinitazama mara moja, kisha akaenda kuvaa kitenge kizuri, akatoka akakaa.

Brightness tukamtuma kwa akina Nancy. Mama akakaa karibu na mlango. Nikasimama nikalitoa lile jani, nikaliweka mezani mbele yao, nikasema kwamba nyumba yangu imeingiliwa na ushahidi ni huu, mke wangu ameletewa isale na mwanaume na akalificha. Nilisema mengi zaidi, nisingependa kuyarudia kwako. Jina la Mohsin nililitaja kama mtu anavyotema mbegu.

Baba mdogo akalichukua. Akalinusa. Akaligusa kwa ulimi kama anaonja mchuzi, akasema lina chumvi. Akalipitisha kwa Lemayian, Lemayian akalinusa akasema halijui. Baba mdogo akaniuliza kama nimewatoa watu kanisani na njaa yao waje kutazama mboga. Mama akacheka, halafu akanyamaza haraka. Mimi nikawa mdogo kama piritoni, lakini nikakomaa kwamba fundo ni fundo. Hapo baba mdogo akamgeukia Jackline, akamwita mwanangu, akamuuliza kwa upole kama hili ni isale au si isale.

Akasema, "Ni isale, baba."

Hata Mama aliacha kusugua magoti. Kisha Jackline akaendelea, bila haraka, mikono imelala mapajani. Akasema aliyelifunga alikulia Levolosi na anajua isale ni nini, ila kule pwani hakuna isale, kwa hiyo alifunga kilichokuwepo. Akafunga mwani ule ule uliotaka kumuua Jackline.

Nakuandikia alivyosema. Walikuwa wamepelekwa kwenye meli iliyozibwa lile tundu la kunyonyea. Mwani ulikuwa umening'inia chini yake kama mapazia, huoni mkono wako. Asubuhi yote kamba ilikuwa nzito kwa sababu ya majani yaliyojisokota juu yake, na Mohsin alikuwa ameshazoea uzito huo. Jackline alipoingia ndani kukata, jani likamzunguka mguu, jingine likashika mtungi wa hewa mgongoni. Akajipinda kujitoa, ndiyo akazidi kujifunga. Akavuta kamba kuomba apandishwe. Huko juu Mohsin aliusikia mvuto ule akadhani ni uzito wa majani kama mwanzo, na badala ya kuvuta akalegeza ili ampe nafasi. Jackline akavuta tena, akalegezewa tena. Kisha jani likang'oa kipumulio mdomoni, akaanza kunywa bahari. Anasema kilichomwokoa ni kwamba alichoka. Aliacha kuvuta, kamba ikatulia, na Mohsin akautambua ule utulivu. Akaruka majini na viatu vyake, akaifuata kamba kwa mikono mpaka alipomfikia, akamkatakata majani akampandisha. Jackline alikaa hospitalini siku kadhaa. Ile siku simu yangu ilipopokelewa na mwanaume, Mohsin alikuwa ameketi kando ya kitanda chake. Jackline ndiye aliyemwambia aseme amepumzika.

Mama alikuwa analia. Lemayian alikuwa amefunika uso. Mimi nilikuwa nimesimama bado, na nilipaswa kusema kitu, wote walikuwa wananingoja. Sasa nakuambia neno langu la kwanza, dada, nalo nimeliandika na kulikata mara nyingi kwenye karatasi nyingine kabla ya hii. Nilimuuliza, "Alikushika wapi?"

Jackline hakukasirika. Hata hakushangaa. Alinitazama kama mtu aliyetabiri mvua akaiona inanyesha. Akasema, "Unaona, Baba Brightness. Ndiyo maana sikukuambia."

Hapakuwa na mtu wa kunisaidia. Baba mdogo alikohoa, akasema shauri la isale lazima liishe kwanza. Kwamba jani likishaingia ndani ya nyumba limeletwa kwa nyumba nzima, na nyumba hii imekaa nalo wiki zote hizi bila kumjibu mtu. Mke amesamehe, mume hajasema. Akaniamuru nipige simu pale pale, sauti kubwa, wote wasikie. Mohsin alipopokea na kusikia ni mimi, alianza kulia kabla sijasema neno. Akasema alikuja dukani kuniangukia miguuni, kwa sababu aliona haitoshi kuomba kwa Jackline peke yake, lakini nilipoingia stoo na kumwacha alielewa kwamba najua yote na nimemkatalia. Akasema tangu siku ile hashiki tena kamba ya mtu yeyote. Nilimwambia nimemsamehe. Nilisema hivyo kwa sababu isale halikataliwi, na kwa sababu wazee walikuwa wananitazama.

Ila nikueleze ukweli wa moyo wangu. Sina wasiwasi naye tena kama nilivyokuwa nao. Najua hakuna kilichokuwepo. Na bado namwonea wivu mpaka nachoka. Siku ambayo mke wangu alikuwa anakufa, aliongea na mtu mmoja tu duniani, kwa kamba, na mtu huyo hakuwa mimi. Hata kama alimsikia vibaya. Mimi saa ile nilikuwa Levolosi nanuna kwa sababu simu haipokelewi.

Barua ingeishia hapa ingekuwa habari ya mtu mjinga aliyesahihishwa. Lakini Lemayian, kabla hajanywa hata chai, akamuuliza dada yake ni nani mwingine aliyejua, maana hata wao Nduruma hawakuambiwa. Jackline akainamisha kichwa. Akasema alimwambia mtu mmoja tu, alimpigia akiwa bado hospitalini, siku ile ile alipoweza kuongea.

Akasema, "Dada Anyesi."

Kwa hiyo, dada, barua nzima hii nimekuandikia habari unazozijua. Nimeziandika zote makusudi, tangu mwani mpaka fundo, ili na wewe uone zilivyokuwa upande wa mtu asiyeambiwa. Wakati nakusanya ushahidi wangu, wewe ulinipigia simu mara ngapi? Uliniuliza kahawa. Uliniuliza bei ya maharage. Ukaniambia nimsalimie Jackline sana, sana, na mimi nikajisemea dada yangu ana upendo. Mimi ni ndugu yako wa tumbo moja, yeye nimekuletea mimi. Na alipokuwa na pumzi kidogo tu ya kuongea, hakuitumia kwangu, akakuletea wewe. Nimejaribu kukukasirikia juma hili zima. Inanishinda katikati, kwa sababu kila nikianza kukasirika nakumbuka kwamba kulikuwa na mtu wa kumpokea, na nashukuru, halafu naona wivu kwamba mtu huyo ni wewe.

Jana amerudi Tanga. Sikumzuia. Nilimbebea begi mpaka barabarani, tukasimama tukingoja gari. Wiki ijayo anazama tena, na atakayeshika kamba ni mtu mwingine ambaye hata jina lake sijaliuliza, nilijiuma ulimi nisiliulize. Itakuwepo siku nyingine, dada, kama si ya mwani itakuwa ya kitu kingine, na atapiga simu kwa mtu. Nataka anipigie mimi.

Ndiyo maana sikuandikii kukugombeza, ingawa nimegombeza. Nakuandikia kukuomba kitu, na usinitengenezee jibu la kunifurahisha. Yeye alipokupigia kutoka kitandani, akakueleza yote niliyoyaeleza hapa, alipomaliza ikawa zamu yako kusema. Wewe ulimuuliza nini kwanza? Niandikie neno kwa neno, usikosee hata moja. Nataka kujua mtu huuliza nini.

Mama anakusalimu na anasema khanga ulizotuma zimefika. Baba mdogo Abdiel na shemeji Lemayian wanakusalimu pia. Mfikishie shemeji Reginald heshima zangu, wabusu watoto, na umpe Nancy chakula cha maana kabla hajaenda bwenini, njia ni ndefu. Mungu awatunze mpaka tuonane.

Mimi mdogo wako,
Gadiel